K Iliyoegemea

Jumanne, 3 Juni 2025

Kibanda changu cha kutengeneza simu kimejaa tangu asubuhi. Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, vioo vilivyopasuka, simu zisizoingiza chaji. Mchana watu wakapungua, nikafungua kundi letu la mtandaoni. Ni watu wa mbali, wengi Wamarekani. Wanachambua sarafu za shaba ambazo wenye maduka wa kwao walijigongea wenyewe zamani sana, chenji ilipoadimika. Kazi ni moja tu: unatazama sarafu mbili zinazofanana, unasema kama ziligongwa kwa chapa moja — yaani chuma kilekile kilichochongwa — au mbili tofauti.

Leo nimepatia jozi iliyowashinda wengine. Kucha za tai. Kwenye moja ni fupi, kwenye nyingine zimegusa tawi. Mama mmoja wa Ohio akaniandikia: hongera, fundi wa Tunduma.

Mume wangu Deus anasema najimaliza macho kwa senti za marehemu. Aseme tu. Hajui utamu wake.

Ijumaa, 6 Juni

Mama kapiga simu kutoka Isansa. Posa ya mdogo wangu Rozi imesimama. Babu wa mchumba wake Ipyana, Mzee Osea, amesema mjukuu wake haoi kwenye nyumba ya waghushi.

Lile neno tena. Nimelisikia tangu niko darasa la pili.

Bibi Tusekile alichuma kahawa akiwa msichana, kwenye shamba la mzungu ambaye watu walimwita Bwana Koti. Ukijaza debe unapewa kibati cha shaba, Jumamosi unavipeleka vibati dukani kwake unapata hela. Jumamosi moja vya Bibi vikakataliwa. Mnyapara akasema ni vya kughushi, herufi K ya mbele imeegemea upande. Bibi akafukuzwa mbele ya wachumaji wote. Mnyapara huyo alikuwa baba yake Mzee Osea.

Rozi hakutaka kuongea na simu. Mama anasema yuko jikoni, anapika na kulia.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja Isansa. Bibi alikuwa anapukuchua maharage. Nikamuuliza bila kuzunguka: Bibi, vile vibati uliviweka wapi?

Hakukasirika. Akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Vyote vimo humo! Nimeishi na Bibi miaka yote hiyo, sikujua.

"Nivitupe kwa nini?" akasema. "Ni jasho langu."

Nikamuuliza alivipata kwa nani. Kwa mnyapara mwenyewe, mkononi mwake. "Mimi kusoma sikujua, mjukuu wangu. Hiyo K ningeichonga na nini? Na jembe?"

Nimekuja na kimoja Tunduma. Nimekiweka chini ya darubini yangu ya kutengenezea simu. Ni kweli K imeegemea, kama mtu aliyechoka. Lakini sina cha kulinganishia. Kibati "kizuri" anacho Mzee Osea, hufungia funguo.

Nimemwambia Rozi amtume Ipyana akakiombe. Waziwazi, si kwa kuiba.

Jumamosi, 14 Juni

Ipyana amekileta. Anasema babu yake alikichomoa mwenyewe kwenye funguo. "Apime. Mimi pia nataka kujua." Sikutegemea.

Nikafunga nusu ya kibanda, wateja wakanuna. Kwanza upande wa mbele. Kile cha Mzee Osea, K imesimama wima. Tawi la kahawa lililochongwa chini yake nalo ni tofauti, jani la chini ni pana zaidi. Basi ni chapa mbili. Ndivyo alivyosema mnyapara, havifanani.

Nikavigeuza.

Nyuma kumeandikwa DEBE. Kwenye cha Mzee Osea, mguuni pa D kuna kimstari kimetuna, chembamba kama unywele, kinaishia njiani. Nikaweka cha Bibi. Kimstari kipo! Palepale, mpindo uleule. Ila cha Bibi kimeendelea mpaka ukingoni.

Nikasimama. Nikakaa. Nikamwita Ipyana atazame, akasema haoni kitu, nikamwonyesha kwa ncha ya sindano, akaona.

Huo ni ufa. Chuma cha kugongea kikipasuka, ufa wake unatoka kwenye kila kibati kama mstari uliotuna. Chuma kikizidi kugongwa, ufa unazidi kurefuka. Kwa hiyo nyuma ni chapa moja, ya shamba lenyewe. Chapa ya mbele ndiyo iliyochakaa wakachonga mpya, na aliyechonga mkono wake ulipinda. Si Bibi. Ni fundi wao!

Nimetuma picha kwenye kundi bila kueleza kisa. Mama wa Ohio kajibu wa kwanza: nyuma chapa moja, chenye K iliyoegemea ndicho kilichofuata. Wengine wawili wamesema hivyohivyo.

Nimemwambia Deus. Akasema, "Mama Tumpale, funga kesho, tuwahi Isansa." Huyu ndiye wa senti za marehemu.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani kwa Mzee Osea. Nilibeba darubini, betri, na kioo chake kidogo cha kuonyeshea picha. Tuliketi barazani, Deus, Ipyana, mimi. Mzee akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

Si mjinga. Akauliza swali lenyewe: "Na kama alichukua kibati cha kweli akaiga nyuma yake?"

Nikamjibu, "Mzee, angeiga angepata ufa wa urefu uleule. Wa Bibi ni mrefu zaidi. Anayeiga hawezi kuurefusha ufa huku akiufuatisha mpindo wake vilevile. Unarefuka kwenye chuma chenyewe, na chuma kilikuwa kwa Bwana Koti."

Akavua miwani. Akafuta, akavaa, akatazama tena. Akasema baba yake alikuwa mtu wa haki. Nikasema sijamtaja baba yake.

Kisha Mzee akasema: "Niacheni nifikiri."

Njiani Deus aliona hatukupata kitu. Mimi nilimwona mzee akikishika kile kibati cha Bibi. Mwanzoni alikigusa kwa ncha za vidole kama kitu kichafu. Mwishoni alikifumbata.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika hapahapa jikoni kwa Bibi, kwenye kigoda.

Mzee Osea amekuja. Peke yake, kwa miguu. Alisimama uani akaniita, akafungua leso. Vibati viwili, K imeegemea. Kavitoa kwenye mfuko wa koti la marehemu baba yake, lililolala sandukuni tangu msiba. Nikavitazama kwa lenzi ya mkononi. Ufa umefika ukingoni.

"Alikuwa navyo," akasema. "Alikuwa navyo, na hakusema." Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nikamrudishia leso yake.

Rozi alikaa chini pale mlangoni, kitambaa mdomoni, analia na kucheka.

Mzee anaomba ruhusa. Kesho baada ya ibada asimame aseme ukweli mbele ya watu wote. Lakini Bibi akubali kwanza.

Nimempelekea Bibi maneno. Kaniuliza amekuja na nani. Peke yake. Amevua kofia? Amevua. Akaomba maji ya kunawa. Akaomba kitenge cha harusi ya mama. Nikasema, Bibi, mzee amesimama juani, nimpelekee kiti?

Akafikiri.

"Kiti mpelekee," akasema. "Mwambie nakuja. Usimwambie lini."

Nimekipeleka. Amekaa ukingoni, kofia magotini. Bibi amefunga kilemba, amejitazama kwenye kioo, hakijampendeza. Anakifungua. Anakifunga upya, taratibu, anaimba puani. Nje Mzee Osea anakohoa, anasubiri.