Kilichobaki Ndani ya Fuvu

Mama, natumai Baba amekubali kula leo.

Jana kazini tulipeleka fuvu la dinosaria mla nyama hospitalini hapa Machakos, lipigwe picha ya skani. Tulikuwa tumelifunika blanketi. Mama mmoja mzee wa Kathiani, aliyengoja tangu asubuhi, alitupisha kwenye foleni. "Poleni na mgonjwa," akasema. Nikashindwa kumwambia ni mfupa.

Ubongo wenyewe ulioza zamani, lakini nafasi yake imebaki ndani ya fuvu, na sehemu ya kunusa ni kubwa ajabu. Nikamfikiria Baba, anavyoniuliza mimi ni nani. Kesho mkaangie dagaa wa omena akiwa ameketi jikoni, kama zamani. Pengine pua yake bado inatujua.

Msalimie, hata akiuliza Nekesa ni nani.

Nekesa wenu