Jina Lako Kwenye Fomu ya Chiriku

Nyumbani, chumba cha mbele
Alhamisi, 18 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi. Mgongo wako unasemaje? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mwili hauna neno, mengine utayasoma.

Mpwa wako Chiriku amelazwa hospitali ya magonjwa ya akili tangu jana. Jumamosi alijijeruhi. Nilimkuta mapema, akafungwa majeraha, na maisha yake hayako hatarini. Nimetaka ulisikie jambo hili kwangu kwanza.

Daktari alishauri alazwe siku ileile. Nikakataa. Nilisema nitamwuguza mwenyewe, ila kwa kweli nilikuwa nawaza majirani watasemaje. Nikaficha visu, nikaomba ruhusa ofisini, nikamfuata hadi mlango wa choo. Siku ya tatu nilisinzia nimesimama jikoni, birika mkononi.

Nimelipekua daftari langu la kila siku. Tangu Machi nimeandika "Chiriku hakula" mara kumi na moja, katikati ya habari za mvua na umeme kukatika. Mtoto aliyekuwa akisemezana hata na kuku alinyamaza, nami nikaweka tarehe tu. Sikumwuliza.

Jana asubuhi akaniambia, "Mama, umechoka kunilinda, na mimi nimechoka kulindwa na mtu aliyechoka. Nipeleke. Kule angalau walinzi wana zamu."

Tulicheka, kaka, kisha tukashindwa kutazamana.

Ni mtu mzima, akatia sahihi fomu ya kulazwa mwenyewe. Muuguzi alinikabidhi mkanda wa gauni lake na kamba za viatu, nikarudi navyo kwenye mfuko. Leo nimesimama nje ya mlango wa choo kitambo kizima kabla ya kukumbuka kwamba ndani hamna mtu.

Wakikuuliza, usiseme amesafiri. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sema anaumwa na anatibiwa.

Nisalimie sana wifi na wanao, na mama mdogo ukimwona. Yeye mwambie taratibu, akiwa ameketi.

Jambo moja zaidi. Fomu ilitaka ndugu wa pili wa kupigiwa simu nisipopatikana mimi. Baba yake hayupo duniani, hivyo nikaandika jina lako bila kukuuliza, ingawa simu zangu mbili za mwisho hukuzipokea. Ikiita namba usiyoijua, kaka, tafadhali pokea.

Mungu akutunze huko uliko, wewe na nyumba yako.

Akupendaye siku zote,
Dada yako