Picha Tatu za Oldonyo Sambu

Shule ya Misheni, Arusha
12 Juni 1910

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nainamisha kichwa uniguse, ijapokuwa mkono wako uko mbali huko kwenye reli. Mimi ni mzima, kikohozi cha masika kimeniacha. Bega lako je? Mara ya mwisho uliandika kwamba mataruma ya reli yanakuumiza upande wa kushoto. Umejifunza kubebea kulia?

Baba, nina habari ya furaha na naona haya kuieleza. Bibi Elizabeth, mwalimu wetu Mdachi, ameletewa kutoka Ulaya sanduku la rangi za maji. Ni vidonge vikavu, unavilowesha kwa brashi ndipo vinaamka. Alimpa kila msichana karatasi moja achore anachokipenda. Wenzangu walichora maua. Mimi nilichora mlima Meru, nikauharibu, nikaenda kulia nyuma ya jiko kwa sababu karatasi ilikuwa moja tu. Bibi aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Namnyaki, wewe una jicho. Nitakupa nyingine."

Sasa anataka nichore picha tatu azitundike sebuleni kwake, wageni wazione. Nimemwambia nitachora kwetu, Oldonyo Sambu. Lakini nilitoka huko nikiwa mgongoni mwako, mama alipofariki, na shule hairuhusu wasichana kwenda mbali kuliko kanisani. Sikumbuki kitu ila harufu ya moshi. Nieleze, Baba. Mlima unaonekanaje kwa upande ule? Udongo una rangi gani? Maji yako wapi? Niambie yote, hata madogo, nami nitapaona kwa macho yako.

Mwanao akupendaye,
Namnyaki


Kambi ya Reli, karibu na Same
9 Julai 1910

Mwanangu Namnyaki,

Nimekugusa kichwa. Sisi huku tu wazima, isipokuwa wagonjwa. Homa imechukua wawili wiki hii. Bega lipo. Msimamizi anatuambia kila siku kwamba reli lazima ifike Moshi mwakani, nasi kila siku tunamwambia ashike taruma upande mmoja, itafika mapema zaidi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilisoma kwa sauti, na Yoeli, yule Mmeru ninayelala naye hema moja, akaniuliza kama naota.

Sikiliza basi. Huko Arusha mlima unawaonyesha uso, na migomba, na mvua. Kwetu sisi umetupa mgongo. Ni kama mtu aliyekaa akajifunika shuka la kijivu hadi shingoni. Udongo ni mweusi, mwepesi kama majivu. Ukitembea mchana vumbi linakufuata kama mbwa. Mbele yako tambarare inashuka mpaka Longido, nayo ni ya manjano miezi minane na ya kijani minne. Chora ile minne. Kilimanjaro utaiona kulia, asubuhi tu, inachungulia kisha inaondoka.

Maji yako juu kidogo ya zizi la baba yako mdogo, Simel. Pana ufa katika jiwe jeusi, na juu ya ufa umeota mtini mkubwa ambao kwetu tunauita oreteti. Maji yanatoka chini ya mizizi, membamba kama mkono wako, lakini hayajapata kukauka, hata mwaka ule wa sotoka ng'ombe wa nchi nzima walipokufa. Nikifumba macho hapa kambini, hayo ndiyo ninayoyasikia.

Jambo moja. Usichore watu wetu, wala ng'ombe, wala nyumba. Unajua hatuhesabu watoto wala mifugo. Mtu akikuuliza wangapi, unajibu wapo, basi. Na kilichochorwa kinahesabika. Mgeni atasimama mbele ya picha na kidole chake, mmoja, wawili, watatu, na mwaka ukigeuka tutakuta pungufu. Mimi nimebatizwa, lakini koko, mama yangu, hajabatizwa, na ng'ombe hawajabatizwa. Chora nchi tu.

Baba yako,
Sironka


Shule ya Misheni, Arusha
28 Agosti 1910

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kichwa changu kiko chini ya mkono wako. Mimi sijambo. Homa imekupita? Niambie kweli, usinifiche kama ulivyonificha ile ya mwaka jana.

Picha zimekwisha! Ya kwanza ni mlima na shuka lake. Ya pili ni tambarare katika ile miezi minne. Ya tatu ni maji, nayo ndiyo ninayoipenda. Kijani cha oreteti kilinishinda siku tatu, mpaka nilipotia tone la nyeusi kikakubali. Nimekutii. Sikuchora mtu hata mmoja, wala ndama. Nilipofika mahali pa zizi niliweka majani.

Tabitha, anayelala kitanda cha pili, alizitazama akasema, "Kwenu wanaishi panzi peke yao?"

"Watu wapo," nikamwambia.

"Wapo wapi? Wamejificha nyuma ya mti?"

Wasichana wote wakacheka, na mimi pia, maana kweli mti ni mkubwa.

Jumamosi Bibi alipata mgeni, Mdachi anayeipimia Serikali ardhi. Huzunguka na minyororo na darubini ya miguu mitatu. Niliitwa nipeleke kahawa. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya picha ya maji, na alisimama hapo mpaka kahawa ikapoa. Anasema Kiswahili vizuri kuliko Bibi.

"Hapa ni wapi?"

"Oldonyo Sambu, Bwana. Kwao baba yangu."

"Na maji haya hukauka?"

"Hayakauki, Bwana. Hata mwaka wa sotoka hayakukauka."

Baba, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivyo na kungoja jibu. Nilimwonyesha ufa uko wapi, na njia ya kupandia.

"Watu wangapi wanakaa hapo?"

Nikakumbuka maneno yako. "Wapo, Bwana."

"Wangapi?"

Nikamsogezea kikombe cha kahawa.

"Ng'ombe je?"

Nikatazama miguu yangu. Akaitazama picha tena, akatabasamu, akaandika katika kijitabu chake. Kisha akamwomba Bibi ile picha, na Bibi akampa. Imeondoka imefungwa katika kitambaa kizuri! Umefurahi, Baba?

Mwanao,
Namnyaki


Kambi ya Reli
3 Oktoba 1910

Mwanangu,

Nakugusa kichwa. Barua yako imenifuata kambi mbili, imenifikia leo.

Sikufurahi. Nisome vizuri. Kila juma treni inaleta wazungu mpaka reli inapoishia. Wanakuja na wake zao, watoto, na majembe ya kukokotwa na maksai. Wanashuka na kuuliza jambo moja tu, mashamba yenye maji karibu na mlima. Yoeli ananiambia ndivyo kwao walivyopoteza mashamba ya chini. Serikali husema ardhi isiyokaliwa na watu ni mali yake, kisha humgawia mzungu. Wapimaji hutangulia kuandika palipo patupu. Wewe umempa karatasi yenye maji na yenye utupu.

Usilie. Mimi ndiye niliyekuambia uweke majani. Mwendee Bibi yako leo hii, mwambie akupeleke kwa huyo bwana. Sema watu wapo. Usitazame miguu yako.

Nimeomba ruhusa ya kwenda nyumbani, msimamizi amekataa. Anayetoroka hupigwa viboko ishirini na vitano mbele ya wenzake. Nami tangu jana mwili una baridi.

Baba yako,
Sironka


Shule ya Misheni, Arusha
6 Novemba 1910

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako. Mimi ni mzima, lakini silali vizuri.

Kwanza nikiri. Nimekuasi. Siku mbili nzima nilichora picha mpya ya maji, na safari hii nimewachora. Koko mlangoni na ushanga wake, baba mdogo Simel na fimbo yake, ng'ombe mlimani. Sikujua wapo wangapi, nikachora waliotosha kwenye karatasi. Kila nilipomaliza mmoja brashi ilikuwa nzito.

Bibi Elizabeth alinipeleka Bomani. Nadhani yeye pia ana hofu sasa. Mezani walikaa wazungu watatu na karani. Picha yangu ya kwanza ilikuwa hapo, imebandikwa pembeni mwa ramani, na juu ya ramani pamechorwa mstari mwekundu unaozunguka maji. Yule mpima akaziweka picha mbili pamoja.

"Hii uliichora lini?"

"Jana na juzi, Bwana."

"Na hii?"

"Agosti."

"Agosti hapakuwa na watu. Novemba wamejaa."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mtoto, na hilo liliniumiza zaidi.

"Haya, binti. Wako wangapi?"

"Sijui, Bwana."

"Ng'ombe?"

"Sijui. Kwetu hatuhesabu."

"Majina yao basi, karani aandike."

Nikasema koko. Nikasema Simel. Karani akauliza, "Halafu?" nami sikuyajua majina mengine, Baba. Nilijua tu kwamba wengine wapo, na watu wanne walikuwa wakinitazama mdomoni.

Wamesema daftari lao litafungwa mwisho wa mwezi huu. Kabla ya hapo wakipata majina na idadi, wataandika kwamba pana wenyewe. Bibi alijitolea kwenda mwenyewe kuangalia, wakamwambia hayo si mambo ya misheni. Niandikie majina na idadi. Najua ninachokuomba. Niandikie watu na ng'ombe, hata kama mkono unakataa. Nimempa barua hii mchukuzi anayekwenda mbio.

Namnyaki


Shule ya Misheni, Arusha
18 Desemba 1910

Baba,

Shikamoo. Sijapata neno lako. Daftari limefungwa. Kila mchukuzi anayetoka upande wa Same namuuliza kuhusu homa ya kambini, nao wananijibu, "Pole, binti," kabla hawajasikia jina lako.

Jana baba mdogo Simel alikuja kwenye ua wa shule na kibuyu cha maziwa. Aliniuliza habari zako, nikasema ni njema. Kisha akatoa karatasi ndani ya shuka. Waliipata kwa askari wakashindwa kuisoma. "Wewe ndiye msomi wetu," akaniambia. "Tusomee."

Nilisoma. Ilisema nchi ile haina wakazi, na kwamba wote waliopo wahame kabla ya mwisho wa Januari.

Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Kama hatupo," akauliza, "wanamwambia nani ahame?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Halafu akasema, "Kuna jambo moja linatushangaza. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye maji. Hawakuuliza njia. Walikuwa na karatasi nyingine, wanaitazama kisha wanautazama mti. Nani aliwaonyesha?"

Nilikuwa nimeshika kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto. Nikasema sijui. Akanigusa kichwa, Baba, akaniambia nisome kwa bidii, akaondoka.

Maziwa sikuyanywa. Nilimpa Tabitha, naye kwa mara ya kwanza hakunitania.

Niandikie hata neno moja. Niandikie kwamba umekasirika.

Namnyaki


Oldonyo Sambu
19 Machi 1911

Mwanangu Namnyaki,

Nakugusa kichwa. Sijakasirika.

Homa ilinilaza tangu Oktoba, nikapona nusu, ikanirudia. Barua zako mbili zilikaa katika mfuko wa karani, maana alikwisha kuniandika pamoja na waliokufa. Nilizisoma siku moja, kambi ikiwa imehamia Kahe. Nikaondoka bila ruhusa. Wakija shuleni kuniulizia, hujui nilipo. Nimefika leo mchana, naandika nyuma ya barua yako.

Pako kama ulivyopachora. Mlima na shuka lake, tambarare imeanza kuwa ya kijani. Oreteti upo, na kijani chake ni kile kile chenye tone la nyeusi. Maji yapo, yamezungushiwa waya. Mahali pa zizi pana majani, yanachomoza juu ya majivu ya nyumba zilizochomwa. Niliita majina yote mpaka koo likakauka. Nimekuta mchunga mbuzi mmoja huko chini, akasema watu wetu walisukumwa kuelekea tambarare, upande usio na maji, na kwamba koko alikuwa amebebwa. Hajui kama alikuwa hai.

Uliniomba idadi. Tangu nizaliwe sijaitamka, na hata sasa mdomo umekataa, kwa hiyo naiandika. Koko. Simel. Wake zake wawili, Nalepo na Resiato. Watoto wa Nalepo wanne, wa Resiato watatu, na mmoja tumboni aliyetazamiwa Februari. Mjane Anyesi na mwanawe. Watu kumi na watatu, na huyo wa tumboni. Ng'ombe thelathini na wanne. Hapakuwa na mbuzi wengi.

Wachore sasa, usibakize hata mmoja. Kama karatasi ni ndogo, mwombe Bibi yako kubwa zaidi. Anadaiwa nasi hilo.

Nyayo zao bado zinaonekana katika ule udongo mweusi, na mvua iko karibu, kwa hiyo sitapumzika. Nitazifuata mpaka niwafikie, na nikiwafikia nitawahesabu.

Baba yako,
Sironka