Ploti Iliyo Kando ya Mtaro

Ol Kalou,
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Ndugu yangu Mwalimu Absalom Amolo,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na mama Beldina na wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile la kushoto limekubali dawa uliyopewa. Sisi huku hatujambo, ila baridi inatutesa. Leo alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na Waithira amenikataza kutoka nje mpaka jua lipande. Kwa hiyo nimekaa karibu na jiko, nina karatasi na wakati wa kutosha. Huu ni mwaka wa kumi na nane tangu nitoke Kisumu. Nimekwisha kukaa huku zaidi ya nusu ya miaka niliyokaa huko, na bado nikienda sokoni Ol Kalou wananiita mzee wa Kisumu.

Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi. Unasema nije upesi, hata kwa siku moja, nisimame kwenye ploti yangu pale Migosi, watu wa jiji wanione kwa macho waache kuiandika kwenye mipango yao. Unasema wewe umefanya uwezavyo na sasa imebaki sura ya mwenyewe. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu halikuwa jepesi. Niruhusu nianze mwanzo, ingawa mwanzo unaujua kuliko mimi. Nikiyaandika mambo kwa mpangilio ndipo ninapojua ninachofikiri.

Nyumba ilipoungua, Januari ile ya fujo za baada ya uchaguzi, wewe ndiye uliyetuficha chumbani kwako na kusimama mlangoni ukiwa na Biblia na chaki mfukoni, ukiwaita wale vijana waliokuja kututafuta kwa majina yao ya darasani. Tulipoondoka na lori la polisi ulinishika mkono ukaniambia ploti itanisubiri. Mimi niliyachukulia kama maneno ya kuagana. Kumbe ulikuwa unaapa. Uliondoa mabati yaliyoungua, ukapanda ua wa ojuok, ule mnyaa wenye utomvu, kuzunguka pande zote, na Beldina akapanda mboga zake, osuga na sukuma wiki, ndani, ili mtu yeyote mwenye tamaa apite aone kwamba mahali pana mwenyewe. Watu watatu niwajuao walijaribu kuichukua, ukawapeleka kwa chifu mmoja baada ya mwingine. Waithira husema wewe ndiye mlinzi pekee nchini asiyelala na asiyelipwa. Hucheka akisema hivyo.

Sasa nikuambie lililotokea baada ya barua yako. Nilipigiwa simu na binti mmoja, Sheryl Adero, ambaye kazi yake katika ofisi ya jiji ni bustani na viwanja vya umma. Namba yangu aliipata wapi hakusema, nami sikuuliza. Na wewe usiulize nyumbani kwako. Alizungumza kwa adabu. Alisema hakuna ardhi ya mtu itakayochukuliwa bila mwenyewe kukubali, na kwamba hakunipigia kunibembeleza. Alitaka kujua tu kama bado nipo duniani, kwa sababu kila alipouliza Migosi aliambiwa jambo tofauti.

Nilimwomba anieleze mpango wenyewe, na akanieleza vizuri, kwa subira. Ukanda wa ardhi ya umma ulio kando ya mtaro ni mwembamba, peke yake hauwezi kubeba hata magoli mawili. Ukiunganishwa na ploti yangu unakuwa uwanja. Wataushusha kidogo chini ya usawa wa barabara, ili mvua kubwa inaposhuka kutoka upande wa Kondele maji yatulie uwanjani badala ya kuingia vyumbani mwa watu. Baada ya siku mbili tatu yanakwenda zake mtaroni, watoto wanarudi kucheza. Kutakuwa na bomba la maji, choo, benchi, na taa moja ndefu ya mulika mwizi ya kuangaza pande zote. Nilifurahi kuwasikia watu wa serikali wakifikiria mtaro na mchezo kwa pamoja. Sisi tulikaa miaka mingi tukiyachota maji hayo kwa ndoo usiku na mchana, na hatukuwahi kufikiri kwamba yanaweza kupewa mahali pa kukaa.

Kisha akanieleza kikao cha wananchi kutoa maoni, ambacho wewe katika barua yako ulikigusia kwa maneno mawili tu. Alisema hema lilijaa. Alisema wewe ulisimama wa kwanza, ukavua kofia, ukasema, "Mwenye hiyo ploti hajafa. Ameenda tu." Na mama mmoja muuza omena akakujibu kutoka nyuma, "Mwalimu, ameenda choo gani hicho cha miaka kumi na saba?" Watu walicheka mpaka mwakilishi wa wadi akaomba utulivu. Lakini mikono ilipoinuliwa, hema zima lilikuwa upande wako, hata huyo mama wa omena. Walisema ploti ya Irungu Buk haiguswi. Sheryl aliniambia amewahi kuona watu wakikataa miradi kwa sababu ya pesa, kwa sababu ya siasa, kwa sababu soda hazikutosha, lakini hajawahi kuona mtaa mzima ukikataa uwanja wa watoto wao kwa ajili ya mtu mmoja aliye mbali.

Ndugu yangu, nilipoisikia habari hiyo nilikaa chini. Sikujua kama bado nina jina Migosi. Duka langu la vitabu pale Kondele, lililonipa hilo jina la Buk, limekwisha kuwa duka la simu, na nilidhani wanaokumbuka Irungu Buk ni wewe na waliobaki wa rika letu. Tena nikafikiri kwamba katika mikono ile iliyoinuliwa lazima kulikuwa na mikono ya watu waliokuwa vijana Januari ile. Sijui walikuwa wanasema nini kwa kuinua mikono. Labda hiyo ndiyo njia waliyoipata ya kusema. Mimi nimeipokea, na ukipata nafasi uwaambie hivyo, bila kumtaja yeyote.

Lakini kuna jambo lingine aliloniambia, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Katika barua yako, kati ya habari ya bei ya sukari na habari ya paa la kanisa, uliandika mstari mmoja kwamba mjukuu wako Janice aliumia mguu ila anaendelea vizuri. Hukuandika kwamba aligongwa na boda boda akifukuza mpira barabarani, mbele ya ua wa ojuok. Hukuandika kwamba watoto wa upande ule wote huchezea barabarani, kwa kuwa hakuna pengine. Na hukuandika kwamba ulitoka kumpeleka hospitali kubadilishwa plasta, ukaenda moja kwa moja kwenye kikao, ukasimama na kukataa uwanja.

Absalom, mtu anaweza kumlindia rafiki yake kitu mpaka kitu chenyewe kikageuka mzigo kwa wote wawili. Sikulaumu hata kidogo. Mngenikosea kwa kunisahau, nanyi mmenikosea kwa kunikumbuka mno. Mmeniheshimu kwa kuacha ardhi tupu, na watoto wakalipa heshima hiyo barabarani.

Nilimuuliza Sheryl maswali mengi, kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ya ukumbi wa mtaa pamoja nawe, na sijasahau. Unakumbuka tulivyoufungua ule ukumbi, kwaya tatu na ng'ombe mzima? Halafu bomba likaanza kuvuja, nasi wanakamati kila mmoja akangoja mwenzake anunue kipande kidogo cha mpira cha kuliziba. Sakafu ikaoza, meza za kuchezea zikahamia kwa watu, na mwishowe tukafunga mlango tukasema serikali haijali. Serikali haikuwepo. Ilikuwa wewe na mimi na wenzetu sita. Basi nikamuuliza binti huyu nani atafungua choo asubuhi, nani atafyeka nyasi mwezi wa tano, taa ikiungua nani atapanda. Nilitarajia aniahidi mbingu. Akasema, "Mzee, pesa za kujenga ninazo. Za kufyeka nyasi lazima niombe kila mwaka, na kila mwaka naweza kunyimwa." Hapo nikamwamini. Mtu anayekueleza shimo liko wapi barabarani unaweza kusafiri naye.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nianze kuandika.

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilikuwa Kisumu. Binti yetu Charity alikuwa na mkutano wa kazi huko, akaniuliza kama nataka kumsindikiza, na mimi, badala ya kukuandikia, nikanyamaza na kupanda gari. Yeye alipoingia mkutanoni, mimi niliteremka mpaka ile bustani ya kando ya ziwa. Nilikuta njia zimetengenezwa, miti imepandwa kwa mstari, mapipa ya taka yapo na watu wanayatumia. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia magugumaji yakisukumwa na upepo kuelekea Dunga. Nilikuwa nimejiandaa, kama ninavyojiandaa kila mahali, mtu aniulize natoka wapi. Huku Ol Kalou huniuliza, na huko Kisumu, mwishoni, waliniuliza mpaka nyumba ikaungua. Akaja mama mmoja na wanawe wawili na mfuko wa mahindi ya kuchemsha. Akaniangalia, akasema, "Mzee, sogea kidogo, na sisi tukae." Nikasogea. Wakakaa. Wakala mahindi yao, mtoto mdogo akanipa punje chache mkononi, na hakuna aliyetaka kujua jina langu.

Sikuwahi kudhani kwamba kuambiwa nisogee kungeweza kumtoa mzee machozi. Nilikaa pale mpaka saa kumi. Kwa miaka yote nilidhani kilichonikosesha raha ni kuipoteza nyumba yangu na ukuta wake na lango lake. Pale nikaona kwamba nilichokikosa ni kuwa mtu kati ya watu, ambaye kosa lake pekee ni kuchukua nafasi kubwa kwenye benchi. Na mahali hapo hapakuwa pangu. Ndiyo maana palinipokea.

Nyumbani kwako palikuwa karibu kabisa. Boda boda ingenifikisha kabla soda haijaisha chupani. Sikuja. Nilijua ungenikumbatia, ungempigia kelele Beldina aweke samaki jikoni, halafu ungenishika mkono kunipeleka kwenye ploti, ungefungua lile lango la mbao na kuniuliza nianze kujenga upande gani. Na mimi ningeshindwa kukuambia usoni kwamba sitaki kujenga. Si hofu, na si hasira. Hasira iliisha zamani, sijui hata siku iliyoisha. Ni kwamba mimi na Waithira tumezeeka hapa. Tuna ng'ombe wawili, tuna mlima mbele yetu, wajukuu wetu wanazungumza na majirani bila kufikiri. Sina tena nguvu za kuwa mgeni upya katika mji ninaoupenda. Nilirudi na Charity usiku ule, nikamwomba asikuambie.

Nisamehe kwa hilo kwanza, ndipo usome linalofuata.

Karatasi nimekwisha kuzitia sahihi, mbele ya wakili, Nyahururu, Jumanne iliyopita. Ploti nimeiachia jiji iwe uwanja wa umma. Fidia inayotolewa na sheria itakuwa ya Waithira, naye amekwisha kuipangia kazi, usiniulize ipi. Niliomba mambo mawili nikakubaliwa: lango lisitiwe kufuli mchana, na uwanja usipewe jina langu. Najua la pili litakuudhi, nakuona ukigonga meza. Lakini uwanja wenye jina la mtu watu huuliza ni wa nani, na mimi nataka mahali ambapo swali hilo halina kazi.

Sheryl atakuja kukutafuta kwa ajili ya kamati ya uwanja. Kubali au kataa utakavyo, ila usikubali kwa ajili yangu. Ukikubali, mwulize kila mwaka habari ya kufyeka nyasi, tena mapema, kabla mvua hazijaanza. Na ojuok usiikate wewe. Utomvu wake ni mbaya kwa macho na mgongo wako si wa kazi hiyo. Waachie vijana. Osuga ya Beldina naomba ahamishe kabla tingatinga halijafika, na anisamehe kwa kumharibia bustani.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na yule mama wa omena, mwambie jibu la swali lake amelipata. Mpe Janice kalamu hizi ninazozituma na barua, na umwambie zimetoka kwa babu yake wa baridi. Waithira anamsalimu sana Beldina, anasema bado anatumia ule mwiko wa mbao. Ukija huku, hata kesho, kitanda kipo, na nitakuonyesha mlima asubuhi kabla ya mawingu. Uje wewe, Mwalimu, kwa sababu mimi huko sitarudi.

Wako daima,
Joram Irungu