Redio ya Zahanati ya Marafa

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Malindi hatujambo. Goti la nyanya yako limepata nafuu, na shangazi yako kajifungua salama mtoto wa kiume.

Waniuliza ufanyeje, maana kampuni inakulipa kamisheni kubwa ukiuza simu ya setilaiti ya aina moja, hata kama mteja inamfaa nyingine.

Miaka ya themanini niliuza redio za kuitana, hapa mjini. Aina moja ilinipa kamisheni mara mbili, nami nilikuwa natafuta mahari. Siku moja akaja Sista Kadzo, muuguzi wa zahanati ya Marafa, nami nikamwonyesha aina hiyo.

"Hii itafika hospitali ya Malindi?" akaniuliza.

Sikuwa na hakika. "Itafika, sista," nikamjibu, naye akainunua.

Moyo haukutulia. Juma la pili nikapanda basi hadi Marafa, nikaikuta redio mezani inakoroma tu. Nikamweleza yote, pamoja na ile kamisheni. Hakunifokea.

"Mwanangu, ungaliniambia hujui, ningalikuamini vilevile."

Nikairudisha dukani, kamisheni ikakatwa, nikampelekea ya aina nyingine, inayofika mbali. Harusi yetu ikasogezwa mbele, na nyanya yako akaninunia kweli.

Tulipoiwasha, sauti ya Malindi ikaingia safi: "Marafa, mwasemaje?" Sista Kadzo akanikabidhi kipaza sauti nijibu mimi. Nilikishika, mjukuu wangu, nikajibu: "Malindi, twawasikia."

Wasalimie wenzio wote.

Babu yako,
Omari