Darasa la Jumanne Saa Tatu

Niboye, Kicukiro,
Kigali.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Ndihokubwayo,

Shikamoo, Mjomba. Hamjambo hapo Kigoma? Kile kikohozi chako kimepoa? Na Mama Pudentienne bado anashinda sokoni na vitenge vyake, au hatimaye amekubali kupumzika? Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Mvua tu ndiyo haitaki kutuachia. Tangu Pasaka sijaanika nguo ikakauka siku hiyohiyo.

Kabla ya yote ujue hili: binti yako Kamikazi ni mzima, hana hata mkwaruzo. Naanza hivyo kwa sababu huenda umesikia habari za jengo la chuo chetu kwa watu, na kwenye simu nilishindwa kukueleza. Nilikuwa nalia.

Kazi yangu unaijua, kupanga ratiba za masomo. Idara tatu zinagombania vyumba vilevile, nami niko katikati. Mwaka huu somo la hesabu la mwaka wa kwanza liliunganishwa kwa idara zote: wanafunzi mia tatu na arobaini, binti yako akiwemo, kila Jumanne saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa juu wa jengo la zamani, lile linaloelekea bondeni. Ukumbi wenyewe ulijengwa kwa watu mia na hamsini.

Mwezi wa tatu Mzee Sangwa, anayefungua na kufagia kumbi, aliniita nione mlango. Ulikuwa haufungi. Alikuwa ameupiga randa mara moja, kisha mara ya pili, na sasa ulikuwa umekwama tena. Nikamwambia mbao zimevimba kwa mvua. Akatikisa kichwa. "Hapana, madamu. Mlango haikuvimba. Ni nyumba inashuka."

Akanipeleka nyuma, kwenye ufa ukutani. Alikuwa ameubandika kipande cha karatasi kwa gundi, aone kama unapanuka. Kufika Ijumaa karatasi ilikuwa imechanika katikati, kama kwamba mtu ameivuta kwa mikono miwili.

Mjomba, niliandika. Ofisi ya majengo ikanijibu kwamba fundi mhandisi atakuja mwezi wa saba, wanafunzi wakiwa likizo. Nikatengeneza ratiba nyingine: darasa ligawanywe makundi matatu, kundi moja bwaloni, jingine maktaba, la tatu kwenye jengo jipya. Nikaipeleka kwenye kikao cha idara. Bwana Nsengiyumva, mkuu wa idara ya Kompyuta, akasema mwalimu wa somo hilo anatoka Huye siku hiyo moja tu, hawezi kufundisha mara tatu. Mama Mukamana wa Uhasibu akasema maktaba ni ya wanafunzi wake wa mitihani. Mkuu wa tatu alikuwa anatazama simu. Ratiba yangu ikarudishwa kwangu mezani.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Jumatatu Sangwa hakuniita tena, alikuja mwenyewe ofisini akasimama tu. Nikajua nyumba imezidi kushuka.

Basi nilifanya jambo bila ruhusa ya mtu. Nilimpa Kamikazi na viongozi wenzake wa darasa ile ratiba iliyokataliwa, nikawaambia waisambaze kwa wanafunzi wote, na wakuu wasijue. Mwalimu Hirwa, yule anayetoka Huye, sikumwambia. Yeye na Nsengiyumva ni marafiki, na niliogopa angempigia. Nilijiambia nitamkamata getini asubuhi nimweleze.

Jumanne asubuhi wanafunzi walifika kwa mamia, wengine hawajui bwalo liko wapi, nikawa nakimbia huku na huku kuwaonyesha. Nilipokumbuka geti ilikuwa saa tatu imepita. Nikatazama kule jengo la zamani. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kabisa, mtu ameshaingia.

Nikakimbia, lakini sikufika hata uwanjani. Sakafu ya upande wa bonde ilishuka pamoja na ukuta wake, taratibu kwanza, kisha yote kwa mara moja. Chini ni stoo ya madawati, hakukuwa na mtu. Juu alikuwemo mmoja. Walimtoa baada ya dakika arobaini, nyonga imevunjika na mbavu tatu.

Siku ya pili yake wakuu wote wakawa wananipa mkono. Wanasema idara zilichukua tahadhari mapema. Halafu wakaniletea orodha ya vyumba vya kupangia upya, na upande wa pili wa jengo lilelile umo. Mlango wa kule nao haufungi, nimekwenda kuujaribu. Nimekataa kuiandika ratiba hiyo. Sijui watampa nani.

Alhamisi nilikwenda hospitali. Mwalimu Hirwa alikuwa amelala chali, macho wazi. Kabla sijamwamkia akaniuliza, "Alida, watoto walitoka wangapi?"

Sikuelewa. Akasema, "Nilikaa nikiwasubiri. Nikasikia kishindo, nikajua ndio wanapanda ngazi. Halafu giza. Nimewaita, nimewaita, hakuna anayeitika. Hapa kila nikiuliza wananiambia nipumzike."

Siku mbili alikuwa anawahesabu wamekufa, Mjomba. Nikamwambia hawakuwemo hata mmoja, niliwahamisha. Akalia, akanishika mkono, akanibariki kama mwanawe. Nami nikaupokea huo mkono, nikaaga.

Kesho jioni narudi kwake kumwambia kwamba mia tatu na arobaini niliwaonya, na yeye nilimwacha bila kumwonya, kwa makusudi. Niombee nisigeuke njiani.

Msalimie sana Mama Pudentienne, Jean-Paul na mkewe, na Mugeni mdogo, mwambie nguo yake ya komunyo naishona. Kamikazi anawabusu. Mungu awafunike nyote, na mnapolala akae macho badala yenu.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda bila kupungua,

Alida