Firigisi ya Mjomba Chini ya Tope

Jumamosi

Kumbe firigisi haigeuki jiwe kwa masaa matatu. Lakini mimi ndiye wa kwanza Kitale nzima kujaribu, na hiyo sifa hakuna wa kuninyang'anya.

Shida ni kwamba ilikuwa ya Mjomba Wafula. Ametoka nyumbani kwake Bokoli leo kuamua kama atanichukua nijifunze kuchomelea vyuma kwa karakana yake Bungoma. Mama akamchinjia kuku. Mjomba akafunua bakuli, akatafuta ile firigisi ya mgeni wa heshima, akatafuta tena.

"Dada, huyu kuku alizaliwa bila firigisi?"

Nikasema ukweli, maana Mama alishashika mwiko. Nilisoma kwa simu ati kuna minyoo waliofunikwa ghafla na tope laini baharini, miaka milioni mia tano iliyopita. Hawakuwa na mfupa hata mmoja, lakini lile tope liligeuka jiwe, na leo ukilipasua unaona mpaka utumbo. Si ndiyo nikazika firigisi kwa tope nyuma ya jikoni.

Mjomba akauliza polepole, "Hao wanyama wa zamani walikuwa na tumbo?"

"Ndiyo, Mjomba. Mdomo na tumbo. Ubongo kidogo sana."

"Kwa hivyo tumbo lilitangulia akili."

"Inaonekana."

"Kwako akili bado iko njiani."

Nikaichimbua, nikaiosha mara tatu, Mama akaichoma. Mjomba akaila yote akiniangalia machoni.

Jumatatu naenda Bungoma. Amesema mtu anayeweza kumzikia mjomba wake firigisi hawezi kuogopa cheche za moto.

Naziogopa sana, bana. Lakini hiyo sikumwambia.